Pete ya uchumba ya kisasa: maswali mnayouliza kila siku kuhusu namna jiwe linavyoshikwa

Mimi sio sonara. Nakaa mbele kwenye karakana ya sonara, napokea simu, napokea pete, naandika kwenye daftari imeletwa na tatizo gani, na baada ya miaka kadhaa ya hilo daftari nimejikuta nina maoni makali kuliko fundi mwenyewe. Haya maswali nayajibu karibu kila siku, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Kwani mtindo wa pete ni nini hasa? Si nachagua jiwe na dhahabu basi?

Kuna kitu cha tatu katikati ambacho watu wanakisahau, nacho ni namna jiwe linavyoshikwa. Hapa nitakiita kiti, maana jiwe linakaa pale kama mtu kwenye kiti. Kiti ndo kinaamua jiwe litapanda juu kiasi gani kutoka kwenye kidole, pete itanasa nguo au haitanasa, ukigonga meza kinachogonga ni chuma au ni jiwe lenyewe, na miaka kumi ijayo utakuwa bado una jiwe au una tundu. Mawe mawili pacha kabisa ukiyaweka kwenye viti viwili tofauti utaapa hayajuani.

Pete ya "kisasa" ni ipi sasa?

Hili linanichekesha kidogo. Ile pete ambayo watu wanaiona ya kizamani, jiwe moja la duara limenyanyuliwa juu na makucha sita, ndo ilikuwa usasa wenyewe ilipotoka. Tiffany, duka la vito la Marekani, waliitoa mwaka 1886, na jambo lililowashangaza watu ni kwamba jiwe lilikuwa limesimama juu ya pete badala ya kuzama ndani ya chuma. Leo mtu anakuja anasema nataka kitu cha kisasa, anafungua simu, ananionyesha bezeli, yaani jiwe lililozungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu, mtindo ambao ni wa kale kuliko hayo makucha kwa karne nyingi sana. Kwa hiyo usiogope neno kisasa, linazunguka tu.

Nikisema kisasa hapa namaanisha vitu hivi ambavyo naona vinaombwa sana: jiwe kuwa chini karibu na kidole, chuma kuonekana makusudi badala ya kujificha, mwili wa pete kuwa mpana, jiwe refu kulala upande, mawe mawili yasiyofanana kukaa pamoja. Sio lazima vyote kwa mpigo. Vyote kwa mpigo ni vurugu.

Nianzie wapi? Nimeangalia picha mpaka kichwa kinauma

Anzia kwenye mkono utakaoivaa, picha zisubiri. Mwangalie huyo mtu wiki moja tu bila kumwambia. Anavaa na kuvua glovu mara ngapi kwa siku? Ananyanyua vyuma gym? Anasuka nywele za watu, anafua kwa mikono, ana mtoto mdogo anayebebwa muda wote, anafundisha na chaki, anashika waya na bisibisi? Au anakaa kwenye kompyuta na hatari kubwa ya siku ni kugonga kona ya meza?

Nauliza hivi kwa sababu ya daftari langu. Pete zinazorudi na jiwe limetoka karibu zote zina hadithi inayofanana, pete ilichaguliwa kwa kuangalia picha ya mkono uliopakwa losheni umetulia juu ya ua, alafu ikaenda kuishi kwenye mkono unaofanya kazi. Nesi mmoja alileta pete yake, jiwe refu juu ya makucha manne membamba, akasema kila akivua glovu pete inatoka nayo na siku moja iliishia kwenye pipa la taka akaitafuta huko ndani. Mchumba wake alichagua kwa upendo wote, hakuangalia tu mikono inafanya nini.

Kwa kifupi basi, mikono ya kazi nzito nenda na bezeli au jiwe lililozamishwa. Mikono ya kawaida, makucha yaliyo chini au nusu bezeli yanatosha kabisa. Mikono ya ofisini fanya unachotaka, ila soma kwanza sehemu ya pave, yale mawe madogo juu ya mwili wa pete, huko chini.

Makucha manne au sita?

Manne yanaonyesha jiwe zaidi, ila jiwe la duara linaanza kuonekana kama lina kona. Sita yanabaki na uduara na yana akiba, likikatika moja matano yanaendelea na kazi, wakati kwenye manne likikatika moja jiwe limeshaanza kucheza na una siku chache tu za bahati. Jiwe likiwa dogo, tuseme chini ya nusu karati, makucha sita yanalimeza, hapo manne ni sawa.

Mawe yenye ncha, kama prinsesi ambayo ni mraba, au tone la maji, au lile la umbo la mtumbwi, kila ncha inatakiwa kuvikwa kucha la umbo la herufi V. Hapo usibembelezwe. Ncha ndo sehemu dhaifu kuliko zote na ikiachwa wazi inamegeka.

Siku hizi watu wanapenda makucha yaliyochongoka kama ya paka. Ni mazuri kweli. Lakini yakimaliziwa vibaya yananasa kila kitu, sweta, nywele, shuka. Kabla hujaondoka na pete pitisha kitambaa laini juu ya jiwe, kikinasa rudisha hapo hapo fundi asugue, usikubali kuambiwa itajilainisha yenyewe.

Bezeli si inafanya jiwe lionekane dogo na inazima mng'ao?

Hili naulizwa kuliko yote na niseme mapema kwamba mimi ni shabiki wa bezeli, kwa hiyo jua unaongea na nani.

Mng'ao kwanza. Almasi iliyokatwa vizuri inapokea mwanga kwa juu na kuurudisha kwa juu, zile nyuso za chini zinafanya kazi kama vioo. Kwa hiyo ukuta wa pembeni hauibi mwanga kama watu wanavyodhani. Kinachozima almasi ni kukatwa vibaya, na uchafu wa mafuta chini yake. Bezeli ikiwa nzito na imefunika sana juu, hapo ndo inaiba. Kwa hiyo unaposema na fundi mwambie ukuta uwe mwembamba na ukingo wake ufunike kidogo tu, kiasi cha kushika.

Ukubwa sasa. Ukingo unafunika sehemu ndogo ya jiwe, ni kweli, lakini chuma kinaongeza mzunguko, jicho la mtu aliye mbali linaona duara moja kubwa. Ukitaka jiwe lionekane kubwa zaidi tumia chuma cheupe kuzunguka almasi, kinaungana na jiwe. Dhahabu ya njano inachora mstari unaosema jiwe limeishia hapa, wengine wanaupenda huo mstari (mimi mmojawapo).

Faida yake kubwa ni kiuno cha jiwe, ule ukingo mwembamba unaozunguka katikati yake, kimefunikwa chote. Ukigonga, chuma ndo kinapokea. Haina cha kunasa. Kwenye daftari langu bezeli inarudi kwa kusafishwa na kubadilishwa saizi, kurudi kwa kupoteza jiwe ni nadra mpaka nikiona naita wenzangu waje waone.

Hasara zipo, sitaficha. Kazi ya mkono ni kubwa zaidi. Ukuta umetengenezwa kwa jiwe hilo hilo, ukija kubadilisha jiwe hata likipishana kidogo tu mara nyingi kiti kinatengenezwa upya. Na fundi anapokunja ule ukingo anasukuma chuma juu ya jiwe, mawe dhaifu kama zumaridi yanaweza kupasuka mkononi mwake, kwa hiyo hiyo sio kazi ya kumpa anayejifunza.

Nusu bezeli, ukuta pande mbili na pande mbili wazi, ni njia ya katikati na kwa macho yangu ndo pete ya kisasa inayokaa vizuri kwa watu wengi zaidi. Kuna pia jiwe la kuzamishwa kabisa ndani ya mwili wa pete likawa usawa mmoja na chuma, wengi wanalijua kwenye pete za kiume. Hakuna kitu imara kama hicho kwa mikono ya kazi, ila jiwe lazima liwe dogo na mwili uwe mnene.

Halo imepitwa na wakati?

Halo ni lile duara la mawe madogo kuzunguka jiwe kubwa. Mfano ambao kila mtu ameuona ni pete ya uchumba ya Diana wa Uingereza ya 1981, ambayo tangu 2010 iko kwa Catherine, mke wa mwanawe William, yakuti ya bluu ya karati 12 imezungukwa na almasi 14. Haiwezi kupitwa ile. Halo nyembamba za mawe ya punje za mchanga zilizojaa kila mahali miaka iliyopita, hizo naona zimepoa, na zinaonyesha umri wa pete.

Sasa hivi wanaomba halo iliyofichwa, mawe madogo yanazunguka chini ya jiwe unayaona ukiangalia kwa ubavu tu. Inapendeza kwa ubavu, ni kweli. Mimi siisukumi sana. Iko pale pale ambapo sabuni na losheni vinaganda, na inajaza nafasi ya chini ya jiwe, alafu pete ya ndoa inakataa kukaa karibu.

Nasikia pave zinadondosha mawe, ni kweli?

Ni kweli na sio kweli. Pave ni yale mawe madogo madogo yaliyotandikwa juu ya mwili wa pete kama kokoto barabarani, kila moja limeshikwa na vipunje vya chuma ambavyo fundi ameviinua kutoka kwenye mwili wenyewe. Jiwe la milimita 1.3 lina uzito wa kama 0.01 ya karati, sasa fikiria kipunje kinachoshika kitu hicho kina ukubwa gani. Kikisagika kidogo jiwe limeondoka na hutasikia hata sauti.

Dada yangu mwenyewe yalimkuta. Pete yake ilikuwa na pave kuzunguka kidole chote, mduara mzima, ikambana baada ya kujifungua akaipeleka kwa fundi mmoja ambaye simtaji, fundi akaipanua bila kumwambia chochote. Ukipanua pete unabadilisha mpindo wake, na mpindo ukibadilika vile vipunje vyote vinalegea kidogo kidogo. Ndani ya miezi michache mawe manne yalikuwa yameshaondoka, la kwanza aliligundua kanisani katikati ya ibada, alikuwa anaangalia kidole badala ya kusikiliza. Alikuja kwangu analia na mimi ndo nikaanza kuelewa kwanini fundi wetu anauliza maswali mengi hivyo kabla ya kugusa pete ya pave.

Kwa hiyo ukiitaka, itake hivi. Mawe yaishie nusu ya mduara au robo tatu, chini pabaki chuma kitupu ili kuwe na mahali pa kukata saizi ikibadilika. Mwili usiwe chini ya milimita 1.8, na 2 ni bora zaidi, hizi pete za uzi za milimita 1.3 zenye mawe juu ni nzuri kwenye picha na zinajikunja kama waya. Alafu kubali moyoni kwamba siku moja jiwe moja litatoka na utalirudishia. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, pave ni raha tu. Au chagua chaneli, mawe yamepangwa kwenye mfereji kati ya kuta mbili, hayang'ai sana kama pave lakini yanadumu.

Ile ambayo jiwe linaelea, halijashikwa na kitu, ni salama?

Hiyo ni tensheni. Jiwe limeshikwa, ila limeshikwa kwa nguvu ya mkandamizo, pete nzima ni springi. Ncha mbili za pete zimechongwa vijishimo vidogo na jiwe linabanwa katikati kwa kiuno chake. Kampuni ya Niessing ya Ujerumani ndo wamejulikana sana kwa mtindo huu. Ikitengenezwa na anayeijua kazi, kwa chuma kilichofanywa kigumu maalumu, inashika vizuri ajabu.

Masharti yake lakini. Jiwe liwe almasi, yakuti au rubi, usithubutu kubana zumaridi wala tanzanaiti. Kubadilisha saizi ni shida kubwa, ukigusa mduara umegusa springi, mara nyingi inarudi kwa aliyeitengeneza au inatengenezwa nyingine. Na kiuno cha jiwe kiko wazi pande mbili.

Kuna zile za kuigiza tensheni, chini ya jiwe kuna daraja dogo limejificha linaloshika kazi yote. Watu wanaziita feki. Mimi naona ndo za akili zaidi, unapata sura ile ile na usiku unalala.

Jiwe kulala upande, inafaa kidole cha aina gani?

Jiwe refu, yai au mstatili au mtumbwi, badala ya kusimama kufuata kidole linalala kukatisha. Linakaa chini, linaonekana la tofauti bila kelele, na pete ya ndoa inaegemea vizuri pembeni. Kwa vidole virefu ni nzuri sana. Kwa vidole vifupi linaweza kuvipanua kwa macho, wakati lile lililosimama linavirefusha. Pima kitu kimoja tu, urefu wa jiwe usizidi upana wa kidole, likizidi linachokonoa vidole jirani kutwa nzima.

Na zile za mawe mawili?

Jina lake la Kifaransa, toi et moi, maana yake ni wewe na mimi, na sio mpya hata kidogo, Napoleon alimpa mchumba wake Joséphine ya almasi na yakuti mwaka 1796, pete hiyo ikauzwa kwenye mnada Ufaransa 2013. Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani John Kennedy, naye pete yake ya uchumba ya 1953 ilikuwa ya almasi na zumaridi.

Kinachosahaulika ni kwamba una mawe mawili yenye ugumu tofauti yamekaa bega kwa bega. Almasi inachuna kila kitu. Ikigusana na zumaridi, itakayoumia ni zumaridi, kwa hiyo lazima pabaki nafasi kati yao au ukuta wa chuma. Alafu upande mmoja ukiwa mzito pete inazunguka kidoleni. Mwili mpana kidogo unasaidia.

Nataka jiwe la rangi badala ya almasi, mtindo upi?

Hapa jiwe ndo linachagua, wewe unafuata. Kuna kipimo cha ugumu cha Friedrich Mohs, cha tangu 1812, kinapanga madini kutoka 1 hadi 10 kwa kuangalia nani anamchuna nani. Almasi 10. Yakuti na rubi 9. Moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, 9.25. Zumaridi 7.5 hadi 8. Tanzanaiti 6 hadi 7. Opali 5.5 hadi 6.5. Lulu iko chini kabisa huko, haifiki hata 5.

Namba ya kukumbuka ni 7, kwa sababu ndo ugumu wa kwatzi, na kwatzi iko ndani ya vumbi la kawaida, la mezani, la barabarani. Kila ukipangusa vumbi kwenye jiwe lililo chini ya 7 unalisugua na msasa mwembamba. Ndo maana tanzanaiti inayovaliwa kila siku inafifia uso baada ya muda, sio kwamba uliuziwa feki.

Kwa hiyo yakuti na rubi weka popote. Zumaridi weka bezeli au makucha manene yaliyo chini, maana karibu zote zina nyufa za ndani za asili. Tanzanaiti bezeli, na uivue ukifika nyumbani. Opali na lulu, jamani, hizo nunua hereni.

Kama almasi ni ngumu kuliko vyote, mbona wanasema inamegeka?

Kwa sababu ugumu ni kutochunika, kuhimili kishindo ni habari nyingine. Almasi ina pande nne ambazo ikigongwa sawasawa inapasuka safi, na mafundi wa kukata walitumia tabia hiyo hiyo kuigawanya. Sehemu za hatari ni kiuno kikiwa chembamba sana, na ncha.

Dhahabu nyeupe au platinamu? Na karati 18 au 14?

Kwanza tuondoe mkanganyiko, karati ya jiwe ni uzito, moja ni gramu 0.2, na karati ya dhahabu ni usafi, 18 maana yake asilimia 75 ni dhahabu, 14 ni asilimia 58.5. Neno moja, vitu viwili. Nimeshashuhudia watu wawili wakibishana kwa dakika kumi kila mmoja akiongelea karati yake.

Dhahabu nyeupe ikitoka dukani mara nyingi imepakwa rodiamu, chuma kingine cheupe, ndo ule weupe wa kioo. Inachakaa, chini yake unaanza kuona umanjano kidogo, unairudisha inapakwa tena. Sio ugonjwa, ni matunzo. Baadhi ya dhahabu nyeupe imechanganywa na nikeli, kama ngozi yake inawasha akivaa hereni za bei rahisi uliza iliyochanganywa na paladiamu, au nenda platinamu moja kwa moja. Platinamu ni nzito, utaihisi, ni nyeupe mpaka ndani, na makucha yake yakichoka yanapinda zaidi kuliko kukatika. Inapata mikwaruzo ikawa na ukungu fulani ambao wengine wanaupenda.

Dhahabu ya njano inasaidia jiwe lenye umanjano kidogo, linajificha humo. Na sio dhambi kuchanganya, mwili wa njano na makucha meupe, inafanyika sana.

Pete ya ndoa itakaaje pembeni yake?

Asante kwa kuuliza, wengi wanauliza mwaka mmoja baadaye. Kiti kikiwa chini na kipana, pete ya ndoa iliyonyooka itaacha pengo. Kikinyanyuliwa kidogo inapita chini yake. Wengine wanatengeneza pete ya ndoa yenye mpindo, inakumbatia ile ya kwanza, nzuri lakini ukiivaa peke yake inaonekana imekanyagwa. Na wengine wanaacha pengo makusudi. Ushauri wangu ni kwamba ukienda kuchagua, vaa na pete yoyote nyembamba iliyonyooka uone mwenyewe.

Nataka kumshtukiza na sijui saizi yake

Chukua pete anayoivaa kidole hicho hicho, mkono huo huo, mikono miwili haifanani. Kidole kinavimba kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, kwa hiyo kama unampima kijanja pima jioni mwili ukiwa umetulia. Pete pana inabana zaidi, ongeza nusu saizi hivi. Na kama hujui kabisa, usichague tensheni wala mawe ya kuzunguka kidole chote, chagua mtindo unaokatika na kuungika. Fundi akushukuru.

Almasi ya maabara inahitaji kiti tofauti?

Hapana. Ni almasi, ugumu ule ule, kupasuka kule kule.

Fundi anaweza kunakili picha niliyoiona mtandaoni?

Anaweza, ila picha nyingi siku hizi zimechorwa kwa kompyuta, hiyo pete haijawahi kuwepo duniani, makucha ni membamba kama nywele kwa sababu kwenye skrini hakuna kitu kinachodondoka. Mwambie fundi akuchoree yake, alafu omba modeli ya nta au ya plastiki kabla chuma hakijamiminwa, uivae kidoleni. Hapo ndo watu wanashtuka, lile jiwe lililoonekana kubwa kwenye picha iliyokuzwa, kumbe la karati moja la duara ni kama milimita 6.5 tu.

Naisafishaje, na nirudi kwa fundi lini?

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, sugua chini ya jiwe, ndo kwenye uchafu. Almasi inapenda mafuta kupita maelezo, ukiishika tu imeshanata. Vua ukiingia kwenye bwawa la kuogelea au ukitumia dawa za klorini, zinaidhoofisha dhahabu taratibu hasa kwenye makucha. Zile mashine za kusafishia kwa kutetemesha usiweke zumaridi, opali, lulu wala tanzanaiti. Zumaridi nyingi zimetiwa mafuta kwenye nyufa, mashine inayatoa, unatoa jiwe limepauka.

Kila miezi sita hivi mwonyeshe fundi makucha. Nyumbani itikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ivue, iweke kwenye kikasha, usiivae hata siku moja zaidi. Hata kwenye harusi. Hasa kwenye harusi.

Nimeshampa na hapendi mtindo, ila jiwe analipenda. Nimekwisha?

Wala. Hii inatokea sana kuliko watu wanavyokiri. Jiwe linatolewa na kuwekwa kwenye kiti kingine, na dhahabu ya zamani wakati mwingine inayeyushwa na kuongezewa. Kutoka makucha kwenda bezeli ni kazi ya kawaida. Kutoka bezeli kwenda makucha, ukuta unafunguliwa kwanza na hapo ndo tunagundua kama kiuno cha jiwe kilishamegeka na kilikuwa kimefichwa, kwa hiyo kabla hujaacha pete mwambie fundi aliangalie jiwe kwa lenzi mbele yako, aandike kila alama anayoiona, na nyote wawili muweke sahihi. Na safari hii mje na mwenyewe, kidole chake kikiwepo.